Sayansi ya vyuo vikuu: mlango uachwe wazi kwa kiasi gani?

Toronto, Kanada

Mkazi wa Lawrence Heights, mtaa ulioko kaskazini-magharibi mwa jiji la Toronto nchini Kanada, akitaka kwenda chuo kikuu ana njia mbili, na zote mbili huanzia katika kituo kimoja cha treni.

Akipanda treni kituo cha Lawrence West na kuelekea kusini, kituo cha sita ni St George, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Toronto. Akielekea kaskazini, kituo cha sita ni Chuo Kikuu cha York, ambako treni hiyo ilianza kufika Disemba mwaka 2017.

Katika safari hiyo ya kaskazini, kabla hajafika York, atapita Sheppard West. Si mbali na hapo kuna kituo cha utafiti cha serikali kinachoshughulikia sayansi ya ulinzi. Huko mpita njia haingii kwa kutaka tu.

Kwa hiyo katika njia moja ya treni kuna aina mbili za maabara: zile ambazo kwa desturi huendesha kazi zao hadharani, na zile ambazo kazi zake huhifadhiwa kwa siri. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mpaka baina yao unajulikana. Sasa mpaka huo unachorwa upya, na wanaouvuka kila siku ni pamoja na vijana wenye asili ya Afrika Mashariki.

Lawrence Heights ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwa mtaa wa nyumba za umma, na barabara kuu ya Allen ikaja kuugawa pande mbili. Miongoni mwa wakazi wake wamo watu waliotoka Somalia, Eritrea na Ethiopia, pamoja na wengi wenye asili ya visiwa vya Karibiani. Kwa familia za namna hiyo, mtoto kuingia chuo kikuu kusomea sayansi ni ndoto ya ukoo mzima.

Swali ambalo serikali na vyuo vinajiuliza ni hili: je, utafiti wa chuo kikuu uwe wazi kwa kila mtu, au yako mambo ambayo lazima yafungiwe? Na kama yako, nani aamue, na kwa kipimo gani?

Kwa nini sayansi hupenda uwazi

Uwazi katika sayansi si ukarimu tu. Ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba jambo ni kweli. Mtafiti hutangaza alichokipata na jinsi alivyokipata, ili mwingine aliye mbali arudie kazi hiyo na kuona kama matokeo ni yale yale. Kosa lililofichwa hudumu, lililowekwa hadharani hupata wa kulisahihisha.

Wakazi wa Toronto walilishuhudia hilo mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia katika jiji lao. Watu 44 walifariki dunia nchini Kanada, karibu wote katika eneo la Toronto. Ulimwenguni kote waliofariki walikuwa zaidi ya 770.

Virusi vilivyochukuliwa kutoka kwa mgonjwa wa Toronto vilishughulikiwa katika maabara ya taifa mjini Winnipeg, kisha vikasomwa na wanasayansi wa Vancouver. Katikati ya mwezi Aprili mwaka huo, wanasayansi hao waliweka katika mtandao wa intaneti mpangilio mzima wa chembe za urithi za virusi hivyo, bila malipo, ili yeyote duniani autumie.

Kama kila maabara ingelikalia siri yake, kazi ya kutengeneza vipimo ingechelewa. Katika maradhi ya kuambukiza, kuchelewa huhesabiwa kwa makaburi.

Mtu mmoja, nyuso mbili

Hata hivyo si kweli kwamba chuo kikuu hakijawahi kuwa na siri. Chuo Kikuu cha Toronto chenyewe kina mfano mzuri, nao ni Frederick Banting.

Banting na wenzake waligundua insulini chuoni hapo mwaka 1921 na 1922. Hataza ya uvumbuzi huo iliuzwa kwa chuo mwaka 1923 kwa bei ya dola moja kwa kila mvumbuzi, naye Banting hakutaka hata jina lake liandikwe ndani yake. Lengo lilikuwa kuzuia mfanyabiashara yeyote asiihodhi dawa ambayo wagonjwa wa kisukari waliihitaji ili waishi.

Lakini Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Banting huyo huyo akawa miongoni mwa viongozi wa utafiti wa siri wa Kanada. Aliihimiza serikali yake ijiandae dhidi ya silaha za vijidudu. Katika taasisi iliyobeba jina lake chuoni, Wilbur Franks alibuni vazi la kumsaidia rubani asipoteze fahamu ndege inapogeuka kwa kasi, na kazi hiyo ilifanywa kwa siri kubwa. Banting mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwezi Februari mwaka 1941, akiwa njiani kwenda Uingereza kwa shughuli za vita.

Mtu aliyetaka insulini iwe mali ya wote ndiye aliyetaka vazi la rubani lisijulikane kwa adui, na hakuna aliyemwona kuwa mnafiki. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na mpaka ulionekana wazi: hili ni la mgonjwa, lile ni la vita.

Ugumu wa leo ni kwamba mara nyingi jambo moja ni la mgonjwa na la vita kwa wakati mmoja.

Ndui iliyokwisha Merka

Mfano wa ugumu huo ni ndui. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, aliyekuwa mpishi wa hospitali mjini Merka. Aliugua mwezi Oktoba mwaka 1977, akapona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Bw Maalin baadaye alishiriki katika kampeni za chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013.

Virusi vya ndui vikabaki katika maabara mbili tu zilizoruhusiwa rasmi, moja Marekani na nyingine Urusi.

Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko huko Kanada, wakiongozwa na David Evans, wakaonyesha kwamba virusi vya ndui ya farasi vinaweza kuundwa upya kutoka vipande vya chembe za urithi vilivyoagizwa kwa kampuni ya biashara. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 100,000 hivi. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwezi Januari mwaka 2018.

Ndui ya farasi haijulikani kuwa tishio kwa binadamu, na lengo lililotajwa lilikuwa kupata chanjo bora. Lakini ni jamaa wa karibu wa ndui ya watu. Wakosoaji waliuliza: je, aliyechapisha njia ya kuunda huyu hajamwonyesha mwenye nia mbaya njia ya kuunda yule? Waliomtetea walijibu kwamba njia hiyo ilikwishajulikana kwa wataalamu, na kwamba heri dunia ijue hatari iliyopo kuliko kulala ikidhani mlango umefungwa.

Hoja zote mbili zina uzito, na ndiyo maana mzozo huo haujapata hakimu.

Vichupa 30 na tauni ya Tanzania

Pengine hakuna kesi inayoyaonyesha haya kwa karibu zaidi, kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuliko ile ya Thomas Butler.

Dr Butler alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Texas Tech nchini Marekani, na mmoja wa mabingwa wa ugonjwa wa tauni. Alifanya kazi pamoja na madaktari wa Tanzania, nchi ambayo wilaya yake ya Lushoto, mkoani Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi tangu mwaka 1980. Waliazimia kujua kama dawa mbili zinazopatikana kwa urahisi, gentamisini na doksisaiklini, zinaweza kutibu tauni badala ya streptomaisini, ambayo ilikuwa ikiadimika.

Mwezi Januari mwaka 2003 Dr Butler aliripoti kwamba vichupa 30 vyenye bakteria wa tauni havionekani katika maabara yake. Ilikuwa mwaka mmoja na miezi michache tu tangu barua zenye kimeta kusambazwa Marekani. Makachero wa FBI walimiminika mjini Lubbock kwa makumi, na habari ilifika hadi kwa Rais George W. Bush.

Profesa huyo alitia saini maelezo kwamba huenda vichupa vile aliviharibu mwenyewe kwa bahati mbaya. Baadaye alisema alishawishiwa kuandika hivyo. Hakuna ushahidi wowote uliopatikana kwamba viliangukia mikononi mwa magaidi.

Alishitakiwa kwa makosa 69. Mwezi Disemba mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka ya kuwadanganya makachero kuhusu vichupa vilivyopotea. Lakini lilimtia hatiani kwa makosa 47, mengi yakiwa ya fedha na mikataba baina yake na chuo. Makosa matatu yalihusu kifurushi cha bakteria wa tauni alichokituma Tanzania mwaka 2002 bila kibali kilichotakiwa. Mwezi Machi mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Wanasayansi mashuhuri, wakiwamo washindi wa tuzo ya Nobel, walimtetea. Walisema kwamba kumfunga mtafiti kwa makosa ya karatasi kutawafanya wengine waogope kuzigusa kabisa kazi za namna hiyo. Waendesha mashtaka walijibu kwamba bakteria wa tauni si bidhaa ya kutumwa kama barua ya salamu.

Na ule utafiti je? Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, jina la Mtanzania, William Mwengee, likitangulia katika orodha ya waandishi. Wagonjwa 65, wakubwa kwa watoto, walipewa moja ya dawa hizo mbili. Waliopona au kupata nafuu walikuwa asilimia 94 kwa gentamisini na asilimia 97 kwa doksisaiklini. Watatu walifariki katika siku mbili za kwanza, kwa kuwa walifika ugonjwa ukiwa umekwishawazidi.

Kwa mganga wa zahanati ya kijijini, habari hiyo ni dhahabu: ugonjwa uliowaogofya wahenga unaweza kutibiwa kwa vidonge vya kawaida.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama daftari la vichupa lingelikuwa kamili, hofu yote ile isingelitokea. Lakini pia, kama hofu ingeliutangulia utafiti, pengine daktari yule asingelikwenda Tanzania kabisa.

Kutoka Winnipeg hadi Beni

Nchini Kanada kwenyewe, tukio lililobadilisha mawazo ya wengi lilitokea katika maabara ya taifa ya vijidudu mjini Winnipeg. Hiyo ni maabara ya serikali, si ya chuo, ingawa ina uhusiano wa karibu na Chuo Kikuu cha Manitoba.

Maabara hiyo inastahili kukumbukwa na watu wa Kongo mashariki. Ndiko ilikobuniwa chanjo ya Ebola iliyotumiwa katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri. Mlipuko huo uliua watu zaidi ya 2,200, na watu wapatao 300,000 walichanjwa, katika miji kama Beni na Butembo, huku risasi zikilia.

Mwezi Julai mwaka 2019 wanasayansi wawili wa maabara hiyo, mke na mume wenye asili ya Uchina, walitolewa nje na kunyang'anywa vibali vya usalama. Mwezi Januari mwaka 2021 walifukuzwa kazi. Nyaraka zilizotolewa kwa umma mwezi Februari mwaka 2024, baada ya mvutano mrefu bungeni, zilionyesha kwamba idara ya ujasusi ya Kanada iliwatuhumu kutosema ukweli kuhusu uhusiano wao na taasisi za Uchina. Hadi wakati nyaraka hizo zilipotolewa, hakuna mashtaka ya jinai yaliyokuwa yamefunguliwa dhidi yao.

Katika kipindi hicho iligunduliwa pia kwamba mwezi Machi mwaka 2019 maabara hiyo ilituma virusi vya Ebola katika taasisi ya Wuhan. Wakuu wa afya walisema usafirishaji huo uliidhinishwa na kwamba haukuhusiana na kufukuzwa kwa wawili hao. Lakini imani ya umma ilikuwa imekwishatikisika.

Kanuni mpya za Kanada

Mwezi Julai mwaka 2021 serikali ya Kanada ilitoa mwongozo wa usalama kwa utafiti unaofanywa kwa ushirikiano na makampuni. Katika bajeti ya mwaka 2022 ilitenga dola milioni 159.6 kwa miaka mitano kwa ajili ya usalama wa utafiti, sehemu kubwa ikienda kwa vyuo vyenyewe ili viajiri wataalamu wa kazi hiyo.

Hatua kubwa zaidi ilitangazwa tarehe 16 Januari mwaka 2024, ikaanza kutumika katika ruzuku za utafiti tarehe 1 Mei mwaka huo. Serikali ilitoa orodha mbili.

Orodha ya kwanza ni ya fani nyeti. Ndani yake zimo silaha za kisasa, akili bandia, teknolojia ya kwanta, vyombo vya anga za juu, roboti, na baadhi ya sayansi za uhai na tiba.

Orodha ya pili ni ya taasisi zaidi ya 100 zinazodhaniwa kuwa na uhusiano na majeshi au idara za usalama za nchi zao. Zote ziko Uchina, Urusi na Iran. Hakuna chuo cha Afrika Mashariki kilichotajwa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtafiti anayeomba fedha za serikali ya Kanada ili kuendeleza moja ya fani zile nyeti, lazima athibitishe kwa maandishi kwamba yeye na wenzake waliotajwa katika ombi hilo hawana uhusiano na taasisi yoyote ya orodha ya pili, wala hawapokei fedha zake.

Yako mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, kanuni haitazami uraia wala mahali mtu alipozaliwa. Pili, inahusu uhusiano uliopo, si ule uliokwisha. Tatu, haimhusu anayeitumia tu teknolojia ambayo tayari ipo, bali anayekusudia kuiendeleza.

Maana yake kwa kijana wetu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana amezaliwa Afrika Mashariki, akapata ufadhili wa kusomea uhandisi katika mji wa Harbin nchini Uchina, kama walivyofanya vijana wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya karibuni. Taasisi ya Teknolojia ya Harbin imo katika orodha ya pili. Amemaliza shahada yake, akahamia Toronto kwa ndugu zake, na sasa anataka kujiunga na kikundi cha utafiti wa roboti.

Kwa mujibu wa kanuni, shahada yake ya zamani haimzuii. Lakini kama bado anaandika makala pamoja na profesa wake wa Harbin kwa jina la taasisi ile, au anapokea posho kutoka huko, ombi la kikundi kizima linaweza kukataliwa.

Tatizo ni kwamba kanuni ni kitu kimoja, na woga wa watu ni kitu kingine. Profesa mwenye waombaji kumi anaweza kuona ni salama zaidi kumwacha yule mwenye shahada ya Uchina, hata kama sheria haimtaki afanye hivyo. Hakuna barua itakayoandikwa kusema sababu. Kijana ataona tu kwamba hakujibiwa.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2018 wizara ya sheria ya Marekani ilianzisha kampeni maalumu ya kuwasaka wapelelezi wa Uchina, wakiwamo wa vyuoni. Kesi kadhaa dhidi ya maprofesa ziliporomoka, mashirika ya haki yakalalamika kwamba watu wanashukiwa kwa sababu ya asili yao, na mwezi Februari mwaka 2022 wizara hiyo ikatangaza kuivunja kampeni hiyo.

Wakazi wa mitaa kama Lawrence Heights wanaujua mtihani wa namna hiyo bila kufundishwa. Mtaa wao umebandikwa majina mabaya kwa miaka mingi, na wengi wao wanajua uzito wa kushukiwa kwa ajili ya anwani au jina la baba badala ya tendo.

Upande wa nyumbani

Lisiwepo wazo kwamba jambo hili ni la nchi tajiri tu. Mwezi Novemba mwaka 2010 Seneta Richard Lugar wa Marekani alizuru Uganda na Kenya akiwa pamoja na maofisa wa wizara ya ulinzi ya nchi yake, kuangalia jinsi vijidudu vya hatari vinavyohifadhiwa katika maabara za huko. Vijidudu kama vile vya kimeta na Ebola vimo katika maabara zetu kwa sababu maradhi hayo yamo katika ardhi yetu. Wanaovichunguza hawana budi kuwa navyo.

Katika Afrika Mashariki, mtafiti hupaswa kuomba kibali. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya ina NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013. Uganda ina Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Vibali hivyo havikuwekwa kwa sababu ya magaidi pekee. Vinalinda pia jasho la wenyeji.

Kisa cha Majengo, Nairobi, kinaeleza sababu. Tangu miaka ya 1980 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba walikuwa wakiwachunguza wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa huo, ambao baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi kwa miaka mingi. Frank Plummer, Mkanada aliyefanya kazi hiyo Nairobi, ndiye baadaye aliyeiongoza maabara ile ya Winnipeg.

Maarifa ya Majengo yalisaidia kubuni chanjo ya majaribio pamoja na watafiti wa Oxford. Mwaka 2000 ikafahamika kwamba hataza ya chanjo hiyo ilikuwa imeombwa bila kuwashirikisha Wakenya. Ulizuka mzozo mkubwa, uliomalizwa kwa makubaliano mapya yaliyotambua haki ya Nairobi. Kwa maneno mengine, uwazi usio na ulinzi unaweza kumfanya mwenye shamba awe mgeni katika mavuno yake.

Lakini neno usalama nalo laweza kutumiwa kunyamazisha. Mwezi Disemba mwaka 2016 Dr Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ya Tanzania, NIMR, alieleza hadharani kwamba uchunguzi wao ulionyesha dalili za virusi vya Zika nchini. Siku iliyofuata Rais John Magufuli alitengua uteuzi wake. Dr Malecela alikwenda kulitumikia Shirika la Afya Duniani, akafariki mwezi Februari mwaka 2022.

Mwaka 2018 sheria ya takwimu ya Tanzania ilirekebishwa na kufanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Kipengele hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Kwa mtafiti wa chuo kikuu, kipindi hicho kilikuwa na maana moja: hesabu sahihi inaweza kuwa kesi.

Mizani iko wapi?

Marekani ilijaribu kulijibu swali hili mwaka 1985, wakati wa Rais Ronald Reagan. Msimamo uliotangazwa wakati huo ulikuwa kwamba utafiti wa msingi wa vyuo vikuu uachwe huru kadiri iwezekanavyo. Kama kuna jambo la hatari, serikali itamke rasmi kwamba ni siri. Lisiwepo eneo la giza katikati, ambapo jambo si siri lakini pia si ruhusa kulisema.

Tatizo la leo ni kwamba eneo hilo la giza ndilo linalopanuka. Kutokana na visa tulivyovieleza, yako mambo manne ambayo kila kanuni inaweza kupimwa nayo.

La kwanza, inafungia kitu au mtu? Kufungia vichupa vya tauni kunaeleweka. Kumfungia mtu kwa sababu ya pasipoti yake ni jambo jingine.

La pili, orodha iko hadharani? Uwe unaipenda au huipendi orodha ya Kanada, kila mtu anaweza kuisoma kabla ya kuamua wapi akasome. Kanuni iliyofichwa haimlindi mtu yeyote isipokuwa anayeitumia kumkomoa mwenzake.

La tatu, aliyekataliwa ana mahali pa kukata rufaa? Bila rufaa, tahadhari hugeuka kuwa chuki yenye muhuri.

La nne, gharama ya kufunga imehesabiwa? Watu huhesabu upesi hatari ya kuachia. Ni wachache wanaowahesabu wagonjwa ambao dawa yao haikupatikana kwa sababu utafiti haukufanyika.

Kwa wazazi na vijana wanaokusudia kusoma ng'ambo, funzo la karibu ni kuweka kumbukumbu. Anayesoma kwa ufadhili wa nchi moja na kutaka kufanya utafiti katika nchi nyingine, na ahifadhi barua zake, ajue lini uhusiano wake na chuo cha kwanza ulikwisha, na aseme ukweli wote katika fomu. Kisa cha Texas na kile cha Winnipeg vilianza kwa sababu tofauti, lakini vyote vilikomea kwenye swali la nani aliandika nini, na nani hakuandika.

Jioni, treni inaporudi Lawrence West, huwashusha pamoja waliotoka kusini na waliotoka kaskazini. Haiwezekani kumtambua kwa kumtazama yupi alishinda maktaba na yupi alishinda katika maabara iliyofungwa kwa kadi. Wote wanapanda ngazi zile zile kurudi nyumbani. Vyuo vya Kanada vitaendelea kuwahitaji vijana hao, kama watu wa Beni walivyoihitaji chanjo iliyotoka Winnipeg.